Pauni elfu nne, zamu za usiku na kigari chenye mbio: kisa cha Birmingham

Mpwa wangu ana miaka 26. Alizaliwa Mombasa, huu ni mwaka wake wa tano Birmingham, na leseni ya Uingereza aliipata kwa kufanya mtihani upya, maana ile ya Kenya huruhusu kuendesha miezi 12 tu baada ya kuhamia. Amepanga chumba Small Heath. Anafanya kazi katikati ya jiji, zamu tatu za usiku kwa wiki, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ameweka akiba pauni 4,000, na hiyo ndiyo pesa yote: ya gari, ya bima, ya kodi ya barabara na ya fundi. Anataka gari moja litakalompeleka kazini siku za kazi na kumpa raha Jumapili kwenye barabara za vijijini. Gari alilokuwa akiliota ni Peugeot 205 GTI.

Kwa kuwa mimi ndiye fundi wa ukoo, kazi ya kutafuta iliniangukia. Tulichokipata mwishoni kiliamuliwa na kitu ambacho hakuna tangazo la gari linalokitaja: saa sita ya usiku. Nitafika hapo.

Kwanza aina yenyewe ya gari, kwa wasiolijua. Hachibeki ni gari dogo la familia ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka pamoja na kioo. Ukilitia injini kubwa kuliko adabu yake, ukalikazia shokomzoba na breki, unapata kigari kinachobeba watoto na mboga wiki nzima, kisha kikawasumbua wenye magari ya michezo siku ya mapumziko. Wafaransa walikuwa na Simca 1100 Ti mwaka 1974. Mwaka 1976 Volkswagen ikatoa Golf GTI ya nguvu farasi 110, na hiyo ndiyo iliyoeneza mtindo. Peugeot 205 GTI ilifuata mwaka 1984 na injini ya lita 1.6 yenye nguvu farasi 105, kisha ikapandishwa hadi 115, halafu ikaja ya lita 1.9 yenye 130. Namba hizo leo zinaonekana ndogo. Lakini 205 haikufika hata kilo 950, na usukani wake ulikuwa ukikuambia kila kokoto lililo barabarani. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, nyuma inataka kupita mbele. Wengine huiita hiyo kasoro, wengine ndiyo hasa wanayoilipia.

Na wanailipia sana. Waliokuwa wavulana miaka ya 1980 sasa wana pesa, na 205 GTI iliyotunzwa huuzwa kwa zaidi ya pauni elfu kumi, nyingine mbali zaidi ya hapo. Inayopatikana kwa elfu nne ni gamba lililokaa gerejini bila injini kuwashwa, na mwenyewe anakwambia ni kazi ndogo tu. Mpwa alilikubali hilo kwa uchungu, akahamia ndoto ya pili.

“Mjomba, basi Glanza.”

Hapa damu ya Pwani ilikuwa ikisema. Kwetu Toyota Starlet imepakia wanafunzi, walimu na magunia ya viazi, na Glanza V ndiyo Starlet iliyokwenda jeshini: lita 1.3, turbo, nguvu farasi 135, iliyotengenezwa kwa soko la Japani kati ya 1996 na 1999. Uingereza zipo, kwa sababu usukani wa Japani na wa huku uko upande mmoja na watu walizileta wenyewe. Ila zile zilizobaki nzima zimepanda bei, na kampuni nyingi za bima zikisikia gari liliagizwa nje ya mkondo wa kawaida, hesabu inabadilika. Alikuwa na wazo pia kwamba siku moja atalipeleka nyumbani. Kenya haipokei gari lililotumika likishapita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Glanza changa kuliko zote ilishapita umri huo muda mrefu uliopita. Tukaifunga faili ya Glanza.

Watu wengi huchagua gari, wakapatana bei, ndipo wakaulizia bima. Kwa kijana wa mjini hapa, mpangilio huo ni wa hatari. Bima ya Uingereza inapimwa kwa umri wako, kazi yako, mtaa ambako gari linalala na miaka uliyoendesha bila kudai fidia. Bahati nzuri kuulizia bei ni bure, na huhitaji kuwa umelinunua gari: unachukua namba ya gari iliyo kwenye tangazo, unajaza habari zako za kweli, unaletewa bei. Tulikaa jioni moja na chai tukajaza magari ya kila aina. Honda Civic Type R ya 2001 hadi 2005, ile iliyotengenezwa Swindon na yenye nguvu farasi 200, ilirudi na bei iliyozidi pauni 2,400 kwa mwaka. Renault Clio 182, karibu 1,700. Ford Fiesta ST ya lita 2.0, karibu 1,500. Suzuki Swift Sport ya lita 1.6, karibu 1,050. Fiat Panda 100HP, chini ya 800.

Hizo ni bei zake yeye, na jirani yake wa miaka 40 angepewa namba tofauti kabisa. Kuna pia bima maalumu za magari ya kale, zenye thamani ya gari mliyokubaliana na bei nafuu, lakini mara nyingi hutaka uwe na gari jingine la kila siku na usipite maili kadhaa kwa mwaka. Mpwa ana gari moja tu, tena hilo bado hajalinunua. Njia hiyo haikumhusu.

Civic ikatoka hapo hapo. Hakuna haja ya kuijadili injini nzuri namna ile ikiwa bima yake inakula zaidi ya nusu ya akiba.

Kisha ikaja habari ya saa sita.

Tangu Juni 2021 Birmingham ina eneo la hewa safi, yaani sehemu yote iliyo ndani ya barabara ya mzunguko ya A4540. Gari la petroli lisilofika kiwango cha Euro 4, kipimo cha Ulaya cha usafi wa moshi wa gari, hulipa pauni 8 kwa siku kila linapoendeshwa humo, saa zote, siku zote, na kamera hazilali. Kwa kawaida magari ya petroli yaliyosajiliwa kuanzia 2006 yamefika kiwango hicho. Ya kabla ya hapo mengine yamefika, mengine la, na unahakikisha kwa kuingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali. Kazi ya mpwa iko ndani ya mzunguko huo.

Sasa angalia zamu yake. Anaingia saa nne kasorobo usiku, anatoka baada ya saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya malipo huanza na kuisha saa sita ya usiku. Kwa hiyo zamu moja ni siku mbili: pauni 8 za kuingia na pauni 8 za kutoka. Zamu zake huachana, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na hivyo anagusa siku sita za wiki, pauni 48. Zingefuatana usiku baada ya usiku angegusa siku nne tu, pauni 32, lakini ratiba hapangi yeye. Wiki 46 za kazi kwa 48 ni pauni 2,208. Hiyo ni zaidi ya bei ya gari lenyewe, kila mwaka, kwa ajili ya kupita mbele ya kamera. Wa London mna habari yenu ya pauni 12.50 kwa siku, iliyoenea mitaa yote ya jiji tangu Agosti 2023, na nyinyi pia siku yenu inakatika saa sita ya usiku.

(Ndiyo, Small Heath hadi katikati ya jiji si mbali, na baisikeli ingetosha. Nilimwambia. Hakunijibu.)

Kuna kichekesho humu. Gari likishatimiza miaka 40 linaweza kuhamishiwa kundi la magari ya kihistoria, na hapo halilipi kodi ya barabara, halilazimiki kukaguliwa kila mwaka kama halijabadilishwa sana, na katika eneo hili la Birmingham halidaiwi zile pauni 8. Kwa hiyo 205 ya mwaka 1984 inapita bure palepale inapotozwa Peugeot 206 ya mwaka 2000. Wenye kuumia ni magari ya katikati, yaliyozeeka kiasi cha kuwa rahisi na hayajazeeka kiasi cha kuheshimiwa. Na hayo ndiyo magari ya mtu mwenye akiba ndogo.

MG ZR ilikuwa mfano wa kusikitisha. Imetengenezwa Longbridge, humu humu Birmingham, na kampuni iliyoanguka Aprili 2005. Ni rahisi kununua, ya lita 1.4 ina bima nafuu, ina sura ya ukorofi, na spea zipo. Gasketi ya silinda hedi ya injini yake ina sifa mbaya, ingawa iliyokwisha kubadilishwa vizuri hutulia. Tuliyoiona ikitangazwa ilikuwa ya 2003. Tukaingiza namba yake: inalipa. Mtoto wa Birmingham haruhusiwi kuingia katikati ya Birmingham bila kutoa kitu.

Mpaka hapo orodha ilikuwa fupi: Fiesta ST, Swift Sport, Panda 100HP, na Clio 182 zile ambazo namba zake zingekubaliwa. Lakini mpwa alikuwa ameona Peugeot 106 GTi karibu na Wolverhampton, pauni 3,200, na moyo wake ukaganda huko. 106 GTi ni mdogo wake 205 kwa roho: lita 1.6, vali 16, nguvu farasi 120, kilo chini ya 1,000. Ingelipa pauni 48 kwa wiki, alijua. Tukaenda kuiona hata hivyo, na nafurahi tulikwenda, kwa sababu ilikuwa darasa.

Ilikuwa imeoshwa, tairi zimepakwa dawa ya kung'aa, ndani inanukia manukato. Mpwa akaenda moja kwa moja kwenye boneti. Mimi nilirudi nyuma ya gari hatua kadhaa nikachuchumaa. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameegemea, juu yameingia ndani na chini yametoka nje, kama miguu ya meza iliyobebeshwa mzigo. Ukiliona hilo kwenye 106, 205, 306 au Citroën Saxo, umeshajua habari yote. Kila gurudumu la nyuma limeshikwa na mkono wa chuma unaozunguka kwenye bomba linalokatiza chini ya gari, na mkono huo unazungukia beringi za vijiti vyembamba. Mpira wa kuzuia maji ukichakaa, maji na chumvi ya barabarani huingia, beringi hushika kutu, kisha zinaanza kuutafuna mhimili wenyewe. Mkono unalegea, gurudumu linalala. Niliweka uzito wangu juu ya buti nikabonyeza: gari likashuka kwa mkwaruzo, likachelewa kupanda. Kubadilisha mhimili mzima kwa uliofanyiwa ukarabati ni kazi ya pauni mia kadhaa, na haina njia ya mkato.

“Hiyo ni kawaida ya Peugeot,” alisema muuzaji.

Alisema kweli. Ila kawaida hiyo ilipaswa kuonekana kwenye bei.

Halafu kizingiti, ile sehemu ya bodi iliyo chini ya mlango. Nilikuwa nimeshaangalia kumbukumbu za MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, kabla hatujaondoka nyumbani. Hii ni hazina ambayo wageni wengi hawaijui: ukiwa na namba ya gari unasoma bure, kwenye tovuti ya serikali, kila ukaguzi wake tangu 2005, maili alizosoma mkaguzi, kilichofeli na alichokionya. Kumbukumbu za gari hili zilionya juu ya kutu ya vizingiti miaka miwili mfululizo. Mwaka wa tatu onyo halikuwepo. Aidha mtu alikata chuma kibovu akachomelea kipya, au mtu alipaka lami nyeusi juu yake. Nilimwuliza muuzaji kama ana risiti ya kuchomelea. Hakuwa nayo. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele: ti, ti, ti, kisha karibu na gurudumu la nyuma, tup. Chuma kizima hakitoi sauti ya tup.

“Mjomba, lakini mlio wake huo...”

“Mlio hauchomelewi, baba. Twende.”

Clio 182 tuliiona moja tu. Injini ya lita 2.0 haikuwa na neno na namba yake ilikubaliwa na kamera. Mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kemshafti inayofungua vali za injini, ulikuwa umepita miaka mitano bila kubadilishwa, na kwenye injini hiyo kazi ya mkanda si ya jioni moja: inataka vifaa vya kufungia kemshafti, pampu ya maji ibadilishwe pamoja nayo, na mara nyingi puli ya kemshafti nayo. Ongeza bima ya 1,700. Tuliagana vizuri.

Fiesta ST sitaiongelea sana. Ni gari jema, injini yake ina cheni na si mkanda, spea za Ford ziko kila kona. Ni bima iliyoiangusha, tofauti ya pauni 450 juu ya Swift.

Zikabaki mbili, na hapa sisi wawili hatukuafikiana. Mimi ningechukua Panda. Ina lita 1.4, nguvu farasi 100, gia sita, na inakwenda kama mtu anayekimbizwa hata ukiwa kwenye maili 40 kwa saa, kwa hiyo raha yake unaipata bila kuvunja sheria. Bima ingemwachia pauni 250 zaidi. Mpwa alikaa ndani yake dakika chache, akasema magoti yake yanagusa na barabara mbovu inamgonga mgongo. Yote mawili ni kweli, Panda hiyo ni ngumu. Gari ni lake, nikanyamaza.

Hesabu ya Swift Sport ilikaa hivi. Bima 1,050. Kodi ya barabara, ambayo kwa magari yaliyosajiliwa kati ya Machi 2001 na Machi 2017 hupangwa kwa kiasi cha hewa ya kaboni, tulitenga 350. Akiba ya fundi 500, na hii nilimwambia haiguswi kwa bei ya gari hata muuzaji akilia. Inabaki 2,100 ya kununulia. Mtu anayesema ana pauni 4,000 za gari, huku Uingereza, ana gari la pauni 2,000.

Tuliyoipata ilikuwa ya 2007, Walsall, mwenyewe mama mmoja aliyekuwa akihamia gari la umeme. Alitaka 2,300. Nilikuwa nimemwomba kwa simu asiiwashe kabla hatujafika, kwa sababu injini hii ina cheni, na cheni iliyolegea hujisema sekunde za kwanza injini ikiwa baridi. Boneti ilikuwa baridi kweli nilipoigusa. Ikawaka, ikatulia, hakuna kugongana. Nikaiacha bila gia, nikasikiliza na klachi imeachiwa: kulikuwa na mvumo mdogo. Nikakanyaga klachi, mvumo ukapotea. Hiyo ni beringi ya giaboksi inayoanza kuchoka, na Swift za mwanzo zinajulikana kwa hilo. Haikuwa ya kuacha gari, ilikuwa ya kuzungumzia bei. Chini, mhimili wa nyuma ulikuwa na kutu ya juu juu, ile inayosuguliwa kwa brashi ya waya, na nilipogonga palijibu vizuri kote. Tairi nne zilikuwa za aina moja na zimechakaa sawasawa. Mtu anayenunua tairi nne za aina moja kwa kawaida hubadilisha na oili kwa wakati, na risiti zake zilisema hivyo.

Mpwa aliendesha. Injini hiyo ya nguvu farasi 125 haina turbo, chini ya mizunguko 4,000 unaweza kudhani ni gari la kwenda sokoni. Juu ya hapo inaamka, na nguvu zote zinapatikana karibu na 6,800. Usukani mwepesi kuliko wa 205, lazima niseme ukweli, na barabara haikufikii mkononi kama kwenye yale magari ya kale. Lakini lina gia za mkono, halina skrini, na lina uzito wa kilo elfu moja na kidogo. Kwa gari linalopita kamera bila kulipa, ni karibu na roho ya miaka ya 1980 kadiri pesa yake ilivyoweza kufika.

Mama alishuka hadi 2,000 kwa sababu ya ule mvumo. Zilizobaki 100 ziliongezwa kwenye akiba ya fundi. Kazi za kwanza zilikuwa oili ya giaboksi, maji ya breki, na kusugua kutu chini kisha kupaka nta kabla halmashauri hazijaanza kumwaga chumvi barabarani. Giaboksi itafunguliwa siku mvumo utakaposikika hata gari likiwa kwenye mwendo. Pesa yake imo ndani ya zile 600.

Ukibadilisha jambo moja katika kisa hiki, jibu linabadilika. Angefanya kazi nje ya A4540 na kulaza gari Telford, 106 GTi yenye vizingiti vizima na mhimili uliokarabatiwa ingekuwa ya kwanza kwenye orodha yangu, hata kama ingekuwa na rangi iliyochujuka. Angekuwa na miaka 35 na historia ndefu bila kudai fidia, Fiesta ST ingeishinda Swift. Na angekuwa na magoti mafupi, angekuwa anaendesha Panda.

Swali aliloniuliza wiki iliyofuata lilikuwa kuhusu bomba la moshi la kelele aliloliona mtandaoni kwa pauni 180. Nilimwambia kila badiliko la namna hiyo lazima kampuni ya bima ijulishwe, na asipoitaarifu inaweza kukataa kumlipa siku ya ajali. Aliwapigia simu kuuliza. Bei waliyomtajia ilimtosha, bomba halikununuliwa.